Fimbo ya Ufukweni Inaposumbua: Kusoma Dalili Kabla ya Kushika Kisu

Kusi ikianza kuvuma, mwezi wa Aprili hivi, fimbo za kuvulia samaki huanza kurudi mezani kwangu. Hapa Malindi, na zaidi kule Mambrui karibu na mdomo wa Sabaki, hakuna mwamba mbele wa kuvunja wimbi. Wimbi hufika mchangani na nguvu zake zote, maji yamejaa tope la mto, na anayetaka kolekole au taa hana budi kutupa chubwi ya gramu 150 upepo ukimjia usoni. Kosa lililojificha miezi yote ya bahari tulivu hujitokeza hapo.

Karibu kila anayekuja hulaumu blanki, yaani ule mwili mtupu wa fimbo kabla ya kufungwa ringi, vile vipete vinavyopitisha mshipi, na kiti cha rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi. "Blanki mbovu hii, fundi." Nimezifungua nyingi, na mara chache sana nimekuta blanki yenye kosa la kiwandani. Mara nyingi kosa limetoka kwenye meza ya aliyeiunda, au kwenye namna ilivyobebwa na kutumiwa. Ndiyo maana naomba usianze kutengeneza kabla hujasoma dalili. Ukibadilisha blanki na kuacha kosa mahali pake, utanunua blanki nyingine tena mwaka ujao.

Ninayoandika hapa ni ya fimbo za futi 12 hadi 14 za kaboni, au za kaboni iliyochanganywa na faibaglasi.

Imekatika

Usitupe vipande, wala usisawazishe ncha zilizokatika. Habari yote imo kwenye jeraha.

Ukiona mkato mfupi, karibu mnyoofu, na upande mmoja pana kidoa kilichopondeka, hilo ni jeraha la zamani. Fimbo iligongwa siku nyingine: iliangukia jiwe, ilibanwa na mlango wa gari, au chubwi iliichapa wakati wa kutupa. Kaboni huvumilia sana kuvutwa na kupindwa, lakini haivumilii kugongwa. Nyuzi chache huvunjika ndani, rangi ya juu haionyeshi kitu, na fimbo inaendelea kufanya kazi mpaka siku ya mtupo mkali. Mwenyewe ataapa kwamba siku hiyo hakuna kilichoigusa, na atakuwa anasema kweli. Kwa fimbo nzima unayoishuku, pitisha pamba kavu taratibu kutoka kitako hadi ncha. Penye ufa, nyuzi za pamba zitanasa. Kisha gonga kidogo kwa sarafu kila baada ya sentimita mbili. Sauti ikibadilika ghafla kutoka kali kuwa nzito, weka alama hapo uchunguze kwa kioo cha kukuzia.

Mkato uliochanika kama mwanzi uliopasuliwa, nyuzi ndefu zimetawanyika, maana yake mzigo ulizidi. Mara nyingi huwa thuluthi ya juu ya fimbo, na chanzo chake ni kuinua fimbo wima samaki akiwa ameshafika miguuni. Pembe kati ya kitako na mshipi ikizidi digrii 90, kitako kinaacha kufanya kazi na mzigo wote unahamia kwenye ncha nyembamba. Hakuna blanki ya bei yoyote inayostahimili hilo siku zote. Dawa yake ni miguu: rudi nyuma, shusha fimbo, subiri wimbi likuletee samaki mchangani.

Mkato ulioanza sawasawa na mwisho wa mguu wa ringi ni kosa letu mafundi. Miguu ya ringi hutoka kiwandani na ncha butu, mara nyingine na kingo kali upande wa chini. Usipoipiga tupa ikawa nyembamba kama ulimi na laini kwa chini, kila mtupo unaikandamiza kwenye blanki mahali pale pale. Fundi anayekaza uzi unaofunga ringi kupita kiasi ili isilegee huzidisha ubaya huo. Uzi ukaze kiasi kwamba bado unaweza kusogeza ringi kwa kidole gumba ili kuinyoosha kabla ya kupaka epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu. Epoksi ndiyo itakayoishikilia.

Na kama mdomo wa jike, yaani kipande kinachopokea kingine kwenye kiungo, umepasuka kwa urefu, kipande dume hakikuingia mpaka mwisho. Kiungo kilicholegea katikati ya mtupo hufanya kazi ya kabari. Hili hutokea pia mdomo ukiachwa bila uzi, kwa hiyo zungushia sentimita tatu za uzi na uupake epoksi, hata kwenye fimbo mpya ambayo haijawahi kulalamika.

Mkato ukiwa ndani ya sentimita 10 za ncha, kata safi, gundisha ringi ya ncha yenye tundu kubwa kidogo, na mwambie mwenyewe kwamba ncha sasa itakuwa ngumu zaidi. Tumia gundi ya kuyeyusha kwa moto, si epoksi, ili siku ikivunjika uweze kuitoa. Na unapoitoa pasha chuma cha ringi, kaboni usiiguse na moto. Mkato wa katikati unaungika kwa kuingiza ndani kipande cha blanki ya zamani kinachokaa barabara, sentimita 8 hivi kila upande, kisha kuzungushia uzi juu. Pale patabaki pagumu kuliko kwingine, na mtumiaji ataona tofauti. Mtupo wa nguvu zote siwezi kumruhusu kwa fimbo iliyoungwa hivyo.

Epoksi inanata, ina ukungu au ina mashimo

Sehemu hii inawaumiza mafundi wapya wa pwani kuliko nyingine yoyote. Maelekezo ya kwenye chupa yameandikwa kwa chumba baridi na kikavu, na sisi hatuna chumba hicho.

*Inanata siku ya tatu.* Epoksi nyingi za fimbo huchanganywa sawa kwa sawa kwa ujazo, resini na hadina, ile dawa inayoigandisha. Ukichanganya kidogo mno, kosa dogo linakuwa kubwa. Kupungukiwa nusu mililita kwenye mililita moja ni nusu ya dawa. Kwenye mililita tano ni sehemu ya kumi tu. Mimi sichanganyi chini ya mililita tatu kila upande hata kama nyingine itamwagwa. Koroga taratibu dakika nne kamili, ukikwangua kuta na chini ya kikombe, kwa sababu resini iliyogandamana pembeni haijakutana na hadina. Kama tayari inanata, usipake hadina juu yake, haisaidii kitu. Weka fimbo ndani ya sanduku refu la mbao lenye balbu ya kutoa joto, nyuzi 35 hadi 40, kwa siku nzima. Ikibaki kunata kidogo tu, paka koti jembamba lililochanganywa sawasawa juu yake. Ikiwa laini mpaka ndani kama ufizi, vua yote, uzi na kila kitu, uanze upya.

*Ukungu mweupe, au utelezi kama mafuta juu.* Huu ni unyevu wa hewa ulioingiliana na hadina kabla haijakauka. Masika ndiyo adui hapa. Usipake jioni wala alfajiri. Paka mchana mapema, unyevu unapokuwa chini kuliko saa nyingine zote, na fimbo ikae ndani isipate umande wa usiku. Utelezi wa juu huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukasuguliwa kidogo kwa msasa laini, kisha likapakwa koti jipya. Usisugue kwa msasa kabla ya kuosha, utausambaza. Ukungu ulio ndani kabisa hautoki.

*Vishimo vya duara ambamo epoksi imekimbia na uzi ukabaki uchi.* Hayo ni mafuta, na mara nyingi ni mafuta ya silikoni. Fimbo nne zilinipitia mkononi na vishimo hivyo kabla sijagundua kwamba yalitoka kwenye mabomba ya sindano niliyopimia. Bomba la kawaida la duka la dawa lina kizibo cha mpira mweusi, na mpira huo hupakwa silikoni ili uteleze. Tafuta yale ya vipande viwili tu, plastiki kwa plastiki, yasiyo na mpira kabisa. Na bomba la resini lisiingie kwenye chupa ya hadina hata mara moja. Dawa za kung'arisha dashibodi ya gari, krimu ya mikono na losheni ya jua zina kosa hilo hilo, kwa hiyo futa uzi na blanki kwa spiriti safi na uvae glavu.

*Mapovu.* Joto letu lina faida hapa, lakini ni faida ya kukopa. Epoksi ya vuguvugu ni nyepesi na povu hutoka haraka, ila kila nyuzi 10 zinazopanda huukata muda wa kufanya kazi kama nusu. Kwa hiyo ukishakoroga, mwaga yote kwenye karatasi ya foili. Ikitandaa haijipashi joto yenyewe kama inavyofanya kwenye kikombe, na mapovu mengi hupasuka yenyewe. Yaliyobaki yapitishie mwali wa taa ya spiriti chini, kwa haraka, mkono usisimame. Makoti mawili membamba yanashinda koti moja nene, na fimbo izunguke kwa mota ya polepole kwa saa tano au sita, la sivyo epoksi yote itashuka tumboni.

Resini ikiwa na chembe nyeupe kama sukari kwenye chupa, haijaharibika. Loweka chupa kwenye maji ya moto mpaka iwe angavu tena, iache ipoe, kisha uitumie.

Kuhusu rangi: uzi mwekundu uliogeuka kahawia ukishapakwa epoksi haujaungua. Uzi wa nailoni wa kawaida hulowa epoksi na kuwa wa kuona ndani, ukapokea weusi wa blanki. Paka kwanza kinga ya rangi, au nunua uzi uliotiwa kinga kiwandani. Kwa fimbo za ufukweni chukua uzi wa unene wa D. Ule wa A ni wa fimbo ndogo.

Ringi inatoa mlio, au epoksi imepasuka mguuni

Pinda fimbo karibu na sikio. Mlio mdogo wa "tik" wakati wa kupinda ni mguu unaotembea chini ya uzi. Ufa mwembamba wa duara mwishoni mwa mguu, bila mlio, mara nyingi ni wa epoksi peke yake: koti lilikuwa nene mno, au ringi imekaa pale fimbo inapopinda zaidi. Ufa wa pekee unaweza kusubiri msimu uishe, mlio hausubiri. Kata uzi kwa wembe juu ya mguu wa chuma, kamwe si juu ya blanki, uvue, upige tupa, ufunge upya.

Pete ya kauri ndani ya ringi nayo ikaguliwe. Ufa usioonekana kwa macho hukata mshipi wa kusuka kama msumeno, na wavuvi wengi huamini wameuziwa mshipi mbaya. Pitisha kipande cha soksi nyembamba ya kike ndani ya kila ringi, ukizungusha. Itanasa palipo na ufa.

Fimbo inajizungusha mkononi

Hapa mafundi tunabishana sana, nami nina upande wangu. Blanki hutengenezwa kwa kitambaa cha kaboni kilichozungushiwa chuma na kuokwa, na pale tabaka zinapopishana upande mmoja huwa mgumu kidogo. Huo tunauita uti. Wengi husema fimbo ikijizungusha ni kwa sababu fundi hakuufuata uti. Mimi nasema angalia kwanza ringi ziko upande gani.

Kwa rili ya ngoma, ile ambayo spuli yake, pale mshipi unapokunjwa, huzunguka, ringi hukaa juu ya fimbo. Samaki akivuta, mshipi unazivuta ringi zije chini, na fimbo nzima hutaka kugeuka tumbo juu. Itafanya hivyo hata uti uuweke wapi. Tiba ni kuzihamisha ringi kidogo kidogo: ya kwanza juu, ya pili imeinama, ya tatu ubavuni, na zilizobaki zote chini. Nimewafungia hivyo wavuvi watatu ambao walikuwa wameshakata tamaa na fimbo zao, na vifundo vya mikono vikapumzika.

Kwa rili ya spini, ambayo spuli yake haizunguki wakati wa kutupa, ringi ziko chini tayari, kwa hiyo hazina haja ya kugeuka. Huko mimi huacha uti na kufuata unyoofu. Karibu kila blanki ndefu ina kombo kidogo. Huliweka kombo hilo lielekee juu, ringi chini, na uzito wa ringi huinyoosha.

Mshipi unafunga mafundo au mtupo haufiki mbali

Kabla ya kuigusa fimbo, ondoa sababu za bure: spuli iliyojazwa kupita mdomo, mshipi uliokunjwa ukiwa mlegevu, chubwi nyepesi kuliko fimbo inavyotaka. Angalia pia mshipi mnene wa mbele unaopokea mshtuko wa mtupo. Kanuni ya zamani ni pauni 10 za nguvu kwa kila wakia moja ya chubwi, hivyo chubwi ya wakia 5, yaani gramu 140, inataka pauni 50. Fundo la kuunga mshipi huo likiwa bonge, linagonga ringi ndogo kila mtupo.

Yakiondoka hayo na tatizo likabaki, tazama ringi ya kwanza. Mshipi hutoka kwenye spuli ya spini kwa miviringo mipana, na kazi ya ringi tatu za kwanza ni kuipunguza taratibu. Ringi ya kwanza ikiwa karibu mno au ndogo mno, miviringo hupiga kwenye blanki na kujirundika nyuma ya ringi, na fundo huzaliwa hapo. Ili kujua mahali pa kuanzia, pima kipenyo cha mdomo wa spuli, zidisha kwa 27. Spuli ya milimita 70 inatoa milimita 1,890, na umbali huo kutoka usoni mwa spuli ndipo inapokaa ringi ya kwanza kati ya zile ndogo zinazokwenda sawa mpaka nchani. Ringi kubwa huzipanga kati ya hapo na spuli, zikipungua kwa urefu na kwa upana. Kisha usiamini hesabu peke yake. Funga ringi kwa tepu ya karatasi, nenda ufukweni utupe, usogeze, utupe tena. Mimi hupoteza asubuhi nzima kwa kazi hii na sijawahi kujuta. Kama mshipi ni wa kusuka, ringi zenye fremu iliyoinamia mbele, kama zile za mfululizo wa K wa Fuji, husukuma kitanzi kikateleza badala ya kunasa.

Zikishakaa, funga mshipi kwenye chupa ya maji ya lita mbili, inua, mwenzako atazame kwa ubavu. Mshipi ufuate upindo wa fimbo bila kuigusa popote. Ukigusa kati ya ringi mbili, pale panataka ringi nyingine au kusogezwa. Lakini usiongeze ovyo: kila gramu karibu na ncha huifanya itikisike baada ya mtupo, na mtikisiko huo unakula umbali.

Kiti cha rili kinazunguka

Kiti karibu kila mara huwa kipana kuliko blanki, na nafasi hiyo lazima ijazwe. Wengi huizungushia tepu ya karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha wakapaka gundi juu. Hapo gundi imeshika tepu, tepu imeshika blanki kwa utomvu wake tu, na maji ya chumvi yakishaingia utomvu unakufa. Weka mikanda myembamba ya tepu yenye mapengo makubwa kati yake, ujaze mapengo kwa epoksi nzito inayokauka polepole, ili igusane na blanki yenyewe iliyokwaruzwa kwa msasa. Sugua pia ndani ya kiti.

Kama kimeshalegea na hutaki kuvunja mpini, toboa matundu mawili madogo kwenye kiti tu, usiifikie blanki, usukume epoksi nyepesi kwa bomba mpaka itokee tundu la pili. Hiyo ni dawa ya msimu mmoja au miwili.

Kiungo kimeng'ang'ania, au kinalegea

Kwa kilichong'ang'ania: usitumie koleo, usikipashe moto. Watu wawili, kila mmoja ashike pande zote mbili za kiungo, mkono mmoja huku na mmoja kule, wavute kwa unyoofu kwa pamoja. Glavu za mpira zinasaidia sana. Ukiwa peke yako, pitisha fimbo nyuma ya magoti, shika pande mbili nje ya magoti, kisha yafungue magoti.

Kinacholegea, kikiwa cha kijiti cha ndani kinachounganisha vipande viwili, tazama pengo. Kiungo kizima huacha nafasi ya nusu sentimita hivi kati ya vipande viwili. Nafasi hiyo ikiisha, kijiti kimelika. Kipake epoksi nyembamba, ikauke kabisa, kisha sugua kwa msasa laini mpaka pengo lirudi. Mshumaa wa kawaida ukipakwa juu yake huzuia kulika na kunasa vyote viwili.

Unga mweupe chini ya chuma

Wengi husema ni chumvi, wanaufuta, unarudi. Onja ukiwa na shaka: kama hauna ladha ya chumvi, ni alumini inayoliwa. Kaboni na alumini vikigusana ndani ya maji ya bahari hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoisha. Nimeona kofia ya kitako iliyoliwa mpaka ikatoboka ilhali fimbo yenyewe ilikuwa haina mkwaruzo. Kusuuza kwa maji baridi hupunguza kasi tu. Itoe kofia au pete hiyo, safisha mpaka chuma king'ae, zungushia blanki tabaka moja la uzi mwembamba wa kioo, lipake epoksi, liache likauke kabisa, ndipo urudishe chuma juu yake kwa gundi mpya, kaboni na alumini zisikutane popote.